Mkereza wa Malindi na Mashine ya Mkokotoni

Nimeshaishi vya kutosha na nimeona mengi, lakini alivyonishtua mtu huyu hajanishtua mwengine. Wala hakunipigia kelele. Hakunitukana, hakunidhulumu changu. Alinishtua kwa neno moja dogo, na hilo ntalifikia, msinikimbize, maana mimi nikikimbizwa husahau.

Jina lake nalijua lakini silitii humu. Hata yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hageuki. Kuanzia bandarini Malindi mpaka huku kwetu Michenzani watu wote walimwita Mkereza. Mkewe alimwita Mkereza. Imamu akitaka safu inyooke alisema, "Mkereza, sogea." Kazi yake ilikuwa kukereza vyuma. Kwa asiyejua, pale Darajani kuna wauza machungwa wenye vimashine vya kumenyea. Chungwa linazungushwa, kisu kimetulia kinaligusa tu, ganda linatoka refu kama utepe. Basi mashine ya kukereza ndiyo hivyo hivyo, ila chungwa ni chuma, na mashine yenyewe ina uzito wa ng'ombe wanne. Shafti za boti, bushi za magari, pini za mashine za barafu, vyote hutoka hapo.

Mimi ni hamali. Darasa la nne sikulimaliza. Nilianza na magunia ya karafuu bandarini, baadae nikapata watu wangu na kamba zangu na mabomba ya kuviringishia, kazi yetu ikawa kuhamisha vitu vizito. Makabati ya chuma, majenereta, mafriji. Friji moja nililipandisha kwa ngazi mpaka ghorofa ya tano hapa Michenzani, tulipofika juu mwenye nyumba akafungua mlango akatutazama, akasema friji si lake, lake ni jeupe. Lakini hayo ni mengine.

Nnachotaka kusema ni kwamba mtu akitaka kununua mashine kuukuu alimwita Mkereza aikague, na aliniita mimi niibebe. Mkereza akisema ichukuliwe, nnapata riziki. Akisema iachwe, nnarudi na kamba zangu. Kwa hivyo ntasema ukweli wangu: kila tulipokwenda mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo mashine iwe nzima, na si kwa kumpenda mnunuzi.

Alikuwa na namna yake. Akifika kwenye mashine hasalimiani nayo mara moja. Anaizunguka, mikono nyuma, kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Kahawa ya mwenye kuuza hainywi mpaka amalize. Watu huogopa kutu. Mashine ikiwa imekaa miaka ghalani, upepo wa bahari umeipiga, imekuwa nyekundu kama udongo wa shamba, mnunuzi hukunja uso. Yeye kutu haikumshughulisha hata kidogo. Alitoa kitambaa chenye mafuta ya taa, akafuta mahali padogo, akatazama chini yake. Kilichomtisha yeye ni rangi. Akiona mashine imepakwa rangi mpya alikuwa akiuliza kwa upole, "Nani alipaka, na alikuwa na haraka gani?"

Siku moja hapa Malindi, katika ghala la mfanyabiashara mmoja, alikuta mashine ya kijani inang'ara, mtu angeweza kujitazama meno. Mfanyabiashara kajaa tele, anasema, "Hii nimeitunza kama mwanangu." Mkereza akatoa ufunguo wa nyumbani kwake mfukoni, akaparuza rangi mahali pamoja chini ya kichwa cha mashine, pale chuma kinaposhikwa kizungushwe. Mimi nikashtuka, nikasema huyu leo atapigwa. Rangi ikatoka, chini yake tukaona mstari wa shaba, mrefu kama shibiri. Kichwa kilipasuka zamani, kikaungwa kwa shaba, kikapakwa. Mkereza alirudisha ufunguo mfukoni akasema, "Sasa kahawa." Na akanywa, vikombe viwili, huku mwenye mali jasho linamtiririka.

Baada ya kuzunguka alifuata meno. Alimulika tochi kwenye gia zote, akayahesabu kwa kidole kama mnunuzi wa ng'ombe. Kisha alitia kipande cha mti chini ya pale pazungukapo, akakinyanyua kidogo. Pakinyanyuka, beringi zimekwisha. Kisha alizungusha kwa mkono na kuinamisha sikio.

Mwisho wa yote ndio ukucha. Mashine hizi zina kitanda, ndivyo wenyewe wanavyokiita, yaani reli mbili ndefu za chuma ambazo kisu hutembea juu yake. Kule mwisho wa kitanda kisu hakiendi sana, kwa hivyo chuma ni kile kile cha kiwandani. Huku karibu na kichwa ndiko kazi zote zinakofanyika, miaka na miaka, chuma kinalika. Mkereza aliweka ukucha wa kidole cha shahada kule mwisho, akauburuta pole pole kuja huku. Kama kitanda kimelika, ukucha unadondoka. Unadondoka kidogo kuliko unene wa unywele, lakini yeye aliusikia. Kitanda kikishalika, alisema, mengine yote hayana maana, kwa sababu beringi unabadilisha, gia unachonga, mota unafunga mpya, lakini kitanda ndio mashine yenyewe. Ukikereza juu ya kitanda kilicholika, shafti inatoka nene huku na nyembamba kule, na jicho halioni.

Hukumu hakuitoa mbele ya mwenye kuuza. Hilo kwake lilikuwa kama dini. Alishukuru, akaaga, tukapanda gari, na tukishafika mbali ndipo aliposema neno moja. "Ichukueni." Au, "Iacheni." Na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Si kwamba alikataza. Ilikuwa hivyo tu, kama vile humuulizi imamu kwa nini kasoma sura hii na si ile. Miaka yote ile sikusikia mtu amemuuliza, na mimi nilikuwepo karibu kila safari.

Msidhani alikuwa malaika. Kwenye karata alikuwa mwizi, mwizi kabisa, wa kuficha turufu chini ya paja. Tulikuwa tukicheza barazani baada ya alasiri, mtu akimshika anasema, "Kumbe ilianguka!" na anacheka mpaka kofia inamtoka. Nilimuuliza mara moja, "Fundi, mbona kwenye vyuma huibi?" Akaniambia, "Karata ukifungwa unakwenda kula. Shafti ya boti ikikatika Nungwi kule nje, watu hawaendi kula." Na baiskeli yake, yeye mtu wa vyuma, ilikuwa ikilia tangu anapotoka nyumbani Mkunazini mpaka karakana yake Malindi. Watoto walijua saa kwa mlio ule. Tone la mafuta hakuitia. Mashine yake ya kukereza nayo, ile aliyofanyia kazi umri wake wote, hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hata vumbi alipangusa mwenyewe. Nilipata kuegemea siku moja kwa kuchoka tu, akaniambia, "Baba Zuwena, mkeo ukimkuta kaegemewa utafurahi?"

Baba Zuwena ndio mimi. Zuwena ni binti yangu, na huyu ndiye aliyenitia katika habari hii yote.

Mama yake alipofariki, Zuwena alikuwa ameshamaliza shule na hana pa kwenda. Alinifuata kazini siku moja, tukapeleka chuma kwa Mkereza, akasimama pale mlangoni akitazama ganda la chuma linavyotoka. Kesho yake akaenda mwenyewe. Keshokutwa akaenda. Siku ya nne Mkereza akamwambia, "Ama uingie ama utoke, unanizibia mwanga." Akaingia, na akakaa miaka sita. Mafundi wa mtaa walisema sana. Mmoja alimuuliza Mkereza barazani, "Sasa mwanamke na mashine wapi na wapi, Fundi? Buibui litanaswa." Mkereza akajibu bila kuinua macho kwenye karata zake, "Lako la mdomo lilishanaswa likachanika zamani." Vijana wa ndugu zangu wawili nilimpelekea kabla yake, wote aliwarudisha. Kwa Zuwena hakusema hata mara moja kwamba anajua. Lakini mtu akileta kazi ngumu alikuwa akimwambia, "Mpe Bibi huyu." Naye aliifanyia kwenye mashine ya karakana ya jirani, maana ile ya Mkereza hata yeye hakuigusa.

Sasa nisimame hapa niseme nililoliona nikalinyamazia, maana nikilipita ntakuwa nimekudanganyeni.

Ilikuwa Ramadhani, tumefuturu pamoja barazani kwake. Bakuli la uji limetoka jikoni sasa hivi, la bati, mimi nililigusa nikaruka. Mkereza akalichukua kwa mikono miwili akalishika kama mtu aliyeshika msahafu, akamsogezea mgeni, anaendelea kuzungumza. Nikamtazama vidole. Vimekuwa vyekundu, na yeye hana habari. Mara nyengine karakanani chembe ya chuma cha moto ilimtua juu ya mkono, nikaona moshi mdogo, nikasikia harufu, yeye anapima tu. Nilijua ana sukari, mjini humu nani hana. Nikasema moyoni, haya ni maungo ya mtu mzima, si ya kusemwa. Kwetu mtu mzima anasitiriwa. Ukimuona kavaa kanzu kinyume unatazama kando. Basi nikatazama kando.

Zuwena alipotaka karakana yake mwenyewe, mashine ilipatikana Mkokotoni. Alikuwepo huko fundi wa maboti akafariki, mjane wake, Bi Tatu, akataka kuiondosha mashine apate banda. Zuwena aliuza bangili za marehemu mama yake. Hakuniuliza, aliniambia baada ya kuuza, na nilipofungua mdomo akasema, "Baba, mama alinivisha mimi, hakukuvisha wewe." Basi tukaenda, Mkereza, Zuwena, mimi na dereva.

Bi Tatu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, amejifunga kanga kichwani. Shikamoo, marahaba, karibuni wanangu. Mashine ilikuwa ndani ya banda la makuti, juu yake nyavu, chini yake nyavu, na kwenye lile beseni la kuangukia maganda ya chuma kulikuwa na kuku ameatamia.

"Huyo msimtoe," Bi Tatu akasema, "ana siku mbili tu atotoe."

Mkereza akasema, "Tunakagua mashine, Bibi, yeye akae."

"Mie mashine siijui, wanangu. Marehemu akiingia humu alikuwa anasahau hata kula. Nnachokijua ni kwamba haijapata kunitukana."

Tukacheka. Mkereza akazunguka, mikono nyuma. Akafuta kutu. Akahesabu meno, akanyanyua kwa kipande cha mti, akazungusha, kuku anatutazama kwa jicho moja. Kisha akaweka ukucha mwisho wa kitanda akauburuta mpaka karibu na kichwa. Akasimama hapo kidogo. Akamtazama Bi Tatu usoni. Kisha akenda kutazama mota.

Nilimuona Zuwena, Mkereza alipogeuza mgongo, amepitisha ukucha wake mahali pale pale. Niliona, nikadhani anajifunza.

Tukanywa kahawa ya Bi Tatu, tukapewa na mayai. Tulipofika Mahonda Mkereza akasema, "Ichukueni." Mimi nikashukuru Mungu, maana ilikuwa kazi ya siku mbili kwa watu wangu. Zuwena alikuwa amekaa nyuma, anatazama nje. Hakusema kitu.

Tuliibeba, tukaishusha Saateni alikopanga chumba. Kuku tulimhamisha na beseni lake zima, Bi Tatu akajitwika mwenyewe kichwani. Zuwena aliisafisha mashine wiki tatu, akaitia mafuta, ikarudi kuwa chuma cheupe. Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa shafti ya boti ya watu wa Kizimkazi, ndefu. Aliikereza siku nzima. Baada ya siku kumi shafti ikarudi, na wenyewe wakarudi nayo. Boti ilikuwa inatetemeka mpaka maji yanaingia pale shafti inapotokea. Nahodha alisimama mlangoni kwa Zuwena akasema kwa sauti ya kusikika barabara nzima, "Tulimwambia mwenye boti, tukamwambia. Kazi ya mwanamke utaitia baharini?"

Zuwena alilipia chuma kingine, akaenda kukodi mashine ya mtu mwengine, akawatengenezea upya. Lakini neno lilishatoka. Mwezi ule hakuna aliyeingia pale isipokuwa mmoja aliyekuja kuuliza njia ya Mwanakwerekwe. Kodi ya chumba ni mwezi kwa mwezi, na bangili hazirudi. Akaniambia akifika mwisho wa mwezi mwengine hali ni hii, atafunga.

Nilikuwa nimekaa juu ya gogo la mnazi mle karakanani mwake. Nikasema, "Labda ni mkono wako, mwanangu. Mashine aliikagua Mkereza mwenyewe."

Akanyoosha mkono, akauchukua wangu, akauweka kwenye kitanda cha mashine. Mimi vidole vyangu ni vya kamba, vigumu, lakini hata mimi nilisikia. Kama ngazi ndogo.

"Hii ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, baba."

"Mkokotoni?"

"Mkokotoni."

"Uliijua?"

"Niliijua."

Wallahi nilisimama nikakaa, nikasimama tena. Nikasema lahaula! Umeuza bangili za mama yako ukanunua mashine unajua mbovu?

Akaniambia kwa utulivu, na anaponiambia kwa utulivu hufanana na mama yake mpaka hunitisha, "Ningefanyaje? Fundi kashasema ichukueni. Niseme mimi hapana? Ndani ya gari, mbele ya dereva, mbele yako? Mtu aliyenifundisha?"

"Ungeniambia mimi faraghani!"

"Wewe? Baba, ningekwambia wewe, maghribi isingeingia baraza nzima haijajua kwamba Mkereza amepoteza mkono wake. Nilidhani mashine ntaiweza. Nikadhani ntakereza vipande vifupi, huko mwisho wa kitanda, nijikusanye pole pole. Shafti ilipokuja na kodi inadai, nikajaribu."

Hilo lilinichoma, kwa sababu ni kweli. Mimi neno halikai kwangu. Binti yangu alinunua mashine iliyolika amsitiri mwalimu wake, na kilichomfanya afiche ni mdomo wa baba yake.

Kesho yake asubuhi nikaenda Malindi. Njia nzima nilikuwa nnapanga maneno makali. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine yake, hafanyi kazi. Nikasahau hata kusalimia.

"Fundi, vidole vyako vina nini?"

Akanitazama. Hakuuliza nani kakwambia.

"Ganzi," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Zuwena yupo hapa. Ilianza nchani. Kisha ikapanda."

"Na ukucha?"

"Ukucha nnauona unakwenda. Sisikii kitu."

Nikaanza kuhesabu kichwani mashine tulizokwenda kutazama tangu wakati huo. Bububu. Chukwani. Ile ya Fuoni ya yule kijana anayeoa. Na yule mtu wa Jambiani, aliyekuja na mkewe, aliyelia njiani alipoambiwa aiache, maana alikuwa ameshajenga mpaka banda.

"Yule wa Jambiani," nikasema, "ulimwambia iacheni."

"Nilimwambia."

"Ilikuwa mbovu?"

Akasema, "Sijui."

Hilo ndilo neno. Sikupata kulisikia kinywani mwake. Nilihisi kama mtu amenivutia mkeka niliokalia. Miaka yote nimebeba na nimeacha kubeba kwa neno la mtu huyu, na watu wamejenga na wamebomoa, na yeye anakaa kwenye kigoda anasema sijui, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi.

"Sasa ulikuwa unahukumu kwa nini, Fundi? Kwa ndoto?"

"Yale mengine nnayaona. Meno, beringi, rangi. Kitanda nikawa namtazama mwenye kuuza. Ukucha ukifika pale panapolika, mwenye mali anayejua ubovu wake hubadilika uso. Kila mmoja hubadilika, Baba Zuwena. Miaka arubaini nimeona. Yule wa Jambiani, muuzaji wake alimeza mate."

"Na Bi Tatu?"

"Bi Tatu uso wake ulikuwa safi."

"Bi Tatu haijui mashine!" nikapiga kelele. "Alisema mwenyewe! Angebadilikaje uso na yeye hajui kwamba kuna ubovu?"

Akainamisha kichwa. Mota za karakana ya jirani zilikuwa zinanguruma. Akasema, "Nililijua hilo tuliposhavuka Mahonda. Nikangoja Zuwena aseme kitu. Nikamuona kanyamaza, nikasema basi iko sawa, mtoto yule angesikia."

Nikamwambia alivyosikia na kwa nini alinyamaza. Nilimwambia yote, shafti, nahodha, bangili. Alikuwa hajui. Alifunika uso kwa mikono yake miwili isiyohisi, hata mimi nikaona haya kuwepo.

Alipoiondosha mikono akasema, "Walete watu wako kesho, na kamba. Na Zuwena. Aje achukue hii."

Sikufahamu kwanza. Hii ipi? Akaipiga mashine yake kofi la ubavuni. Nikasema Fundi, Mungu akusamehe, wewe utafanyia nini kazi? Akasema, "Nimeshafanya." Nikamwambia jambo hili tulimalize sisi wawili, tulisitiri, watu wasijue. Akasema, "Hapana. Wewe sema. Huo mdomo wako leo nnauhitaji. Kila aliyenifuata miaka hii umfikie umwambie, na yule wa Jambiani uanze naye, wasije wakamleta mtu mwengine kwangu." Ndiyo maana nnasema. Nimeruhusiwa.

Kesho yake asubuhi tukaja, watu wangu wanne na mimi na Zuwena. Zuwena alikuwa amekataa usiku kucha, na asubuhi akakataa tena pale mlangoni. Mkereza akamwambia, "Ama uingie ama utoke." Akaingia.

Nikaanza kupitisha kamba. Mkereza akaninyooshea mkono.

"Ngoja. Haijakaguliwa."

"Fundi," Zuwena akasema, "hii ni yako."

"Ni mashine kuukuu unaichukua kwa mtu. Ikague. Mimi ndiye mwenye kuuza, na mimi usinitazame usoni."

Zuwena akazunguka. Akamulika meno, yote yapo. Akanyanyua, akazungusha, akainamisha sikio. Halafu akaweka ukucha mwisho wa kitanda akauburuta kuja kichwani. Watu wangu wamesimama, wanatafuna mirungi yao kwa siri, hawajui linalopita. Karibu na kichwa mkono wake ukasita. Akaurudisha nyuma, akapitisha tena.

Mkereza hakumtazama. Alikuwa anatazama ukutani.

"Sema," akasema.

Zuwena akaufuta ukucha kwenye kanga yake.

"Sema, mwanangu. Mbele ya hawa. Kule gari lilikuwa na dereva ukanyamaza, leo wapo watu sita."

"Imelika, Fundi."

"Wapi?"

"Hapa karibu na kichwa. Na reli ya nyuma pia."

"Kuliko ile ya Mkokotoni?"

Nilimuombea aseme uongo. Naapa nilimuombea.

"Kuliko ile," Zuwena akasema. "Mara mbili."

Kwa hivyo mashine ile aliyokataza hata vumbi lake kupanguswa na mtu mwengine ilikuwa imekwisha chini ya mikono yake, naye amekaa nayo kila siku hajui. Wateja waliolalamika aliwaambia chuma chao kibaya. Nilitaka kutoka nje.

Mkereza akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa hesabu iliyo sawa. "Basi msiichukue," akasema. "Hukumu nzuri." Kisha akainuka kutoka kigodani. "Gia zake ni nzima, umeziona. Na taya za kushikia chuma ni nzima, nimezibadilisha mwaka juzi. Beringi nzima. Chukua hivyo vyote, mashine ni za aina moja na vya Mkokotoni vimeanza kuchoka. Kitanda na kichwa wapelekewe wanunua vyuma chakavu, na kwa pesa itakayopatikana usafirishe kitanda cha Mkokotoni Dar, huko wana mashine ya kukisawazisha. Kile chuma bado kinene, kinasawazika. Kikirudi utakereza shafti mpaka uchoke. Nahodha yule umpelekee ya kwanza, bure, ukampe mwenyewe mkononi."

"Fundi, tusiivunje," Zuwena akasema. "Tuiache hapa ilivyo."

"Ikae inifanyie nini? Inidanganye?"

Akachukua spana ubaoni. Mimi nikasema watu wangu watafungua, akasema la, bolti ya kwanza ni yake. Ilikuwa imekaza, ina miaka pale. Akatia spana, akaegemeza uzito wake wote, mara mbili haikwenda, mara ya tatu ikalegea ghafla na mkono wake ukenda ukajipiga kwenye ukingo wa chuma. Akaendelea kuzungusha. Bolti ikatoka, akaiweka mezani kwa adabu kama mtu anayeweka kikombe, akatia spana kwenye ya pili. Ndipo tukaona damu, imeshafika kifundo cha mkono, inadondoka juu ya kitanda kile kilicholika na kutiririka.

Zuwena akavua mtandio wake, akaushika mkono ule, akaufunga.

Mkereza akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Unanifunga nini?" akauliza.